Hakimu Aliyekataa Kuuliza

Kwa miaka mingi, nikirudi kutoka kazini, hata viatu sijavua, mama alikuwa akinipokea kwa neno moja tu.

"Hajauliza?"

"Hajauliza, mama."

Basi ananuna. Anarudi jikoni anagonganisha masufuria, na chakula siku hiyo tunakula kimya kimya. Kesho yake ananiuliza tena kwa tamaa ile ile, utadhani jana hakuuliza.

Huyo asiyeuliza alikuwa hakimu wa Mahakama ya Juu hapa Maskati, ile ambayo ukishindwa hapo huna pa kukata rufaa tena ila kwa Mola wako. Mimi nilikuwa mtafiti katika ofisi yake. Nilikuwa nikimsomea mafaili, nikimtafutia hukumu za nyuma na kumwandalia muhtasari. Na jambo ambalo hakuliuliza lilimhusu mama yangu: siku ile alipoapa mahakamani, aliapa kweli au aliapa uongo? Mama alilijua jibu, na mimi nililijua. Yeye ndiye hakujua, na katika watu wote wa mji huu ni yeye tu ambaye mama alitaka ajue.

Inabidi nirudi nyuma. Baba yangu alikuwa Mwarabu wa milimani, bara ya Oman huko, na alipomwoa mama alikuwa tayari na watoto wawili wa kiume kutoka kwa mke wake wa kwanza aliyefariki. Mama ni mtu wa Unguja, mtoto wa zile familia zilizorudi Oman na vikapu vyao, mbuzi zao za kukunia nazi na midomo yao mirefu. Baba alijenga nyumba ya chini huku Khuwair ya Kusini, wakati huo mahali penyewe pana vumbi tupu. Ghorofa ya juu aliijenga mama. Aliuza bangili zake za harusi, zile alizovishwa na bibi yake, moja baada ya nyingine, na kila ikitoka moja ukuta unapanda kidogo. Mimi nimekua naambiwa kuwa sebule ni bangili pana, jiko ni zile nyembamba, na varanda ni mkufu. Kati ya mume na mke hakuna aliyefikiria kuandikishana kitu. Nani anamwandikisha mumewe?

Baba akafariki. Kaka zangu wa kwa baba, ambao si watu wabaya hata kidogo, walichojua wao ni kwamba nyumba nzima ni ya baba, kwa hiyo ni mirathi, iuzwe kila mtu apate fungu lake. Mama akasema ghorofa ya juu haiuzwi, ni dhahabu yake. Maneno yakapanda, yakafika mahakamani. Shahidi wa mama alikuwa mmoja, shangazi yake mtu mzima aliyekwenda naye kuuza baadhi ya bangili. Ushahidi huo haukutosha peke yake, na katika hali kama hiyo hakimu anaweza kumtaka mwenye madai akamilishe kwa kiapo. Siku ya kiapo ikafika, nami nikaenda na mama. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule.

Hakimu tuliyemkuta alikuwa mwanamume wa makamo, kilemba amekifunga kwa mtindo wa watu wa milimani, na Kiarabu chake kilikuwa cha huko huko, kizito, kila herufi na haki yake. Mama alipomsikia moyo ulimwanguka. "Wa kwao hawa," akaninong'oneza, akiwaonyesha kaka zangu kwa kidevu. "Tushapotea."

Sasa sisi watu wa Unguja hapa Maskati tuna ugonjwa mmoja. Kiswahili tumekifanya pazia. Dukani tunaipinga bei mbele ya muuzaji, hospitalini tunamjadili daktari na yeye kasimama na kipimo mkononi, harusini tunamchambua bibi harusi kutoka kichwani hadi kwenye hina. Tunasahau kuwa nusu ya mji ni jamaa zetu. Nimeshuhudia watu wakiumbuka mpaka kwenye foleni ya mkate, na bado hatukomi.

Hakimu akamweleza mama kiapo chenyewe: aape kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa ghorofa ya juu ameijenga yeye kwa mali yake. Mama akanigeukia. Wala hakunong'ona sana.

"Mwanangu, kile chumba cha nyuma kakijenga baba'ako. Bangili zilikuwa zishakwisha. Lakini mimi hapa nkianza kutoa chumba, hawa watanambia na kilobaki si changu. Ntaapa yote tu. Mungu anaijua nia yangu."

Akainuka. Hakimu akaweka kalamu yake mezani.

"Dada," akasema, "usiape."

Alisema kwa Kiswahili. Tena si Kiswahili cha kuokoteza. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja chenyewe, kile cha uani. Mama alibaki kasimama, mkono ameshika ukingo wa buibui lake.

"Mimi mtoto wa Unguja," akaendelea kwa sauti ya pole. "Hayo uloyasema hukuniambia mimi, lakini nshayasikia, na sina pa kuyatia. Siwezi kukuapisha, wala siwezi kukuhukumu. Utakwenda kwa mwengine. Na mimi hayo simwambii mtu."

Kisha akawageukia waliobaki na kuwaambia kwa Kiarabu kuwa lugha ya bibi huyu ni lugha yake pia, amesikia maneno ya faragha baina ya mama na mwanawe, na kwa sababu hiyo anajitoa. Wakili wa kaka zangu akauliza maneno gani. Hakimu akamtazama tu, akakusanya makaratasi yake, akatoka. Wakili wetu alikuwa anahema kwa hasira, maana kujitoa huko kulikuwa na maana ya kungoja upya.

Mama alilala kitandani siku kadhaa kwa aibu. Chai hataki, simu hapokei. Mimi kwa upande wangu sikuwa na aibu, nilikuwa nimeduwaa. Nilikuwa nimemwona mtu anasikia siri ambayo ingemwezesha kumwumbua mwenziwe mbele ya watu, siri hiyo ikaishia kwake. Kumbe mtu anaweza kuwa na nguvu kiasi hicho na akaitumia kwa kuinuka na kutoka tu. Nadhani ni siku ile nilipoamua kusoma sheria, ingawa mwenyewe sikujua mpaka fomu za chuo zilipokuja.

Hakimu wa pili alikuwa mtu wa milimani kweli. Wakili wetu alimhakikishia mama, akicheka, kuwa huyu hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kwa maneno mengine, apa utakavyo. Mama akafunga vizuri buibui lake. Alipoitwa aliinuka, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwa Kiarabu chake cha kukatika kuwa ghorofa ya juu ameijenga kwa dhahabu yake, isipokuwa chumba cha nyuma.

Wakili aliinamisha kichwa. Hakimu akadhani hakusikia vizuri, akamtaka arudie. Mama akarudia. Hata kaka zangu waligeuka kumtazama, maana wao wala hawakujua kama kuna chumba cha kugombania.

Hukumu ikatoka vivyo hivyo. Ghorofa ikawa ya mama, nyumba ya chini na chumba cha nyuma vikaingia kwenye mirathi, na katika kugawana chumba kikaangukia kwa kaka yangu mkubwa. Akaja na kufuli, akafunga, akaondoka. Tangu siku hiyo tukawa tunaishi kwenye ghorofa yenye mlango mmoja ambao si wetu, mwisho wa ukumbi, mkabala na choo. Nilipomuuliza mama kwa nini, na hakuna aliyekuwa akijua, alinijibu kama mtu aliyechokozwa.

"Yule kashajua," akasema. "Watu wote wasijue, yule kashajua. Mimi ntamtazama vipi nkikutana naye sokoni?"

Hakukutana naye sokoni. Yeye alipandishwa, akaenda rufaani, kisha akapelekwa mikoani kuongoza mahakama, kisha tukasikia yuko Mahakama ya Juu. Mimi nikasoma, nikahitimu, nikafanya kazi hapa na pale, na siku moja nikapata nafasi ya mtafiti huko huko juu. Sikuomba ofisi yake. Niliambiwa tu mlango upi nigonge.

Nilipoingia aliinua macho, akanitazama kidogo. Nilikuwa nimeshanenepa, nina miwani, nina jina kama la watu wengine. Lakini alinijua.

"Karibu," akasema kwa Kiswahili. "Mama mzima?"

"Mzima, Sheikh, anakusalimu." Nilimzulia, maana mama hakujua hata kama nimefika.

"Naye msalimu. Kuna jambo moja mimi na wewe hatutalizungumza hapa. Nadhani unalijua."

Nilimwambia nalijua. Lakini mimi nina ulimi usiotulia, na nilikuwa nimebeba jibu la mama kifuani miaka yote hiyo. Nikasema, "Sheikh, lakini kama ungejua yaliyotokea ungefurahi."

Akainua mkono kunizuia, si kwa ukali.

"Sikiliza, binti yangu. Nikiambiwa mama yako kaapa asivyotakiwa kuapa, mimi ni hakimu. Nitakuwa nimejua kiapo cha uongo, na sitaweza kukaa kimya. Nikiambiwa kaapa kweli, mtu mwingine atakaponisogelea na siri yake nitasema yule nilimuuliza, kwa nini huyu nisimuulize. Nilijitoa. Aliyejitoa hachungulii dirishani. Muda wote nikiwa kwenye kiti hiki, sitauliza."

Niliaga, nikatoka. Nilikuja kuelewa njiani, kwenye gari, kwamba kutokuuliza kwake kulikuwa kumlinda mama. Alikuwa amemfungia mlango ili hata kama ameanguka, asionekane. Nilipomweleza mama jioni ile nilidhani atalia kwa shukrani. Alipandisha mori.

"Kumbe ananidhania!" akasema. "Kumbe miaka yote hii yule mtu anakaa na moyo wake ananidhania nimeapa uongo!"

"Hakudhanii, mama. Hataki kujua tu."

"Asiyetaka kujua anadhani. Wewe umesoma lakini huna akili."

Ndipo likaanza lile swali la kila siku. Mama hakutaka nimwambie kwa mlango wa nyuma. Alitaka aulizwe. Kwake yeye mtu anayejisemea ukweli wake mwenyewe ni mchuuzi, na yeye hakuwa anauza kitu. Siku moja aliona mambo yanachelewa, akaoka mkate wa kumimina, ule wenye iliki na tui zito, akaufunika na kitambaa cha kutarizi, akanibebesha. Nilimwambia haifai. Akaniuliza tangu lini mkate ukawa rushwa.

Hakimu aliutazama mkate ule kwa muda. Nina hakika aliumezea mate, kwa sababu harufu ilikuwa imejaa ofisi nzima na mtumwa wa iliki anajulikana machoni. Kisha akaufunika.

"Mwambie mama mkono wake nimeuona, na Mungu amzidishie. Mkate urudi nao."

Kwetu sisi sahani ikija na kitu hairudi tupu, utaitia hata sukari. Lakini kurudi na mkate wake mwenyewe, haujaguswa, hilo mama hajaliona tangu azaliwe. Hakusema nami mpaka siku ya pili yake. Mkate tuliula sisi, na ulikuwa mtamu kwa hasira.

Mimi huku kazini nilizidi kumstaajabu. Alikuwa na tabia zake. Faili likija, huanza kusoma maneno ya yule aliyeshindwa huko chini, kabla hajasoma hukumu yenyewe wala maneno ya mshindi. Mara moja alinirudishia muhtasari wangu na kuniambia, "Huyu umemfupisha. Mwenziwe umempa ukurasa, yeye umempa mstari. Kachoka huyu, kaja mpaka huku juu, mpe nafasi aseme." Nikarudi nikaandika upya, na nilipoandika upya nikaona kweli mtu yule alikuwa na jambo.

Tabia ya pili niliigundua kwa kusikia. Rasimu ya hukumu ikishakamilika, kabla hajaipeleka kwa mahakimu wenziwe, alikuwa akifunga mlango na kunong'ona. Nilidhani anasoma dua. Siku moja niliingia na chai nikamsikia: anaisema hukumu nzima, ile ya Kiarabu kizito cha mahakama, kwa Kiswahili. Kuna mtu fulani kauziwa kiwanja Mabela, muuzaji kakiuza mara mbili, na hakimu mkubwa wa nchi kakaa peke yake anamhadithia mtu asiyekuwepo: "Sasa mama, huyu wa pili naye kosa lake nini?"

Aliponiona hakushtuka. Aliniambia Kiarabu cha mahakama amekisomea na kinamtii, akitaka kuficha unyonge wa hoja kitamfichia. Kiswahili kafunzwa na mama yake. Hukumu ikimshinda kuisema kwa Kiswahili, anajua ina tundu mahali.

Hapo ndipo aliponiambia kidogo kuhusu maisha yake, na hakurudia tena. Walikuja Oman yeye na mama yake tu, mtoto mdogo wa shule, wakapanga chumba Matrah. Mama yake akishona kofia kwa mkono, na kofia moja ikichukua muda mrefu kweli, na kofia hizo ndizo zilizomsomesha. Watoto wenziwe walimcheka kila akifungua mdomo kwa Kiarabu chake. Alipopelekwa ukadhi milimani alikuta wazee wanaomsikiliza kwa adabu na kumtazama kama mgeni, basi akakaa nao barazani, akasema kama wao, mpaka siku moja mzee mmoja akamuuliza yeye ni wa kijiji gani cha jirani. Alifurahi sana siku hiyo, akaja kumhadithia mama yake. Mama yake akamwambia, "Vyema. Lakini sasa watu hawatakujua. Angalia wasije wakakuamini kwa kutokujua."

Aliponiambia hayo nilimfikiria mama yangu na mnong'ono wake, na nikaona naye amemfikiria. Akafungua faili lingine.

Ndiyo maana alikuwa na ile tabia yake ya tatu, ambayo watu wa jengo walidhani ni ucheshi tu. Kila akiingia mahali penye watu asiowajua, lifti, korido, chumba cha kungojea, husema kwa sauti, "Hamjambo jamani?" Kwa Kiswahili. Akina dada Wakenya wanaofanya usafi pale, ambao lifti ndiyo mahali pao pa kupigia soga, mara ya kwanza nusura waangushe ndoo.

"Ai! Mzee, kumbe wewe ni wetu?" mmoja akamuuliza.

"Wenu kabisa," akasema. "Nawatahadharisha tu."

Walicheka mpaka ghorofa ya juu, na kila wakimwona wakawa wanamsalimu kwanza wao. Mimi nilicheka pia, lakini nilijua yalikotoka. Tangu siku ya mama alikuwa hataki mtu mwingine aumbuke kwa kutomjua.

Nyumbani nako mambo yakaenda taratibu. Kile chumba kilikaa na kufuli lake miaka. Mama alikuwa akifagia ukumbi, akifika kwenye kizingiti cha mlango ule anafagia na pale, lakini kitasa hakigusi. Na kama ana la kufanya karibu na pale, anabisha kwanza. "Hodi." Chumba kitupu! Nikimcheka ananiambia, "Si changu. Cha mtu hupigiwa hodi." Siku moja bomba likapasuka ndani, maji yakaanza kutoka chini ya mlango. Nilitaka kuvunja kufuli. Mama akanikataza, akampigia kaka yangu simu. Kaka alitoka kwake milimani jua la saa saba, akatukuta mama amekaa ukumbini na matambara na ndoo, buibui limelowa mpaka magotini, anakamua maji yanayotoka kwenye chumba cha watu. Kaka alisimama pale, funguo mkononi, kisha akafungua kufuli, akaenda kufunga bomba. Alipoondoka aliubusu mkono wa mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata baba alipokuwa hai. Baadaye binti yake mkubwa alipopata chuo hapa mjini aliletwa akae chumba kile, na alipomaliza akaja mdogo wake. Kwa hiyo sasa mama ana wajukuu wa milimani wanaojua kukaanga vitumbua, na bado akitaka kuingia mle anabisha hodi.

Basi hakimu akastaafu. Siku ya kumuaga palikuwa na watu wengi na maua mengi, na yeye alikuwa akitazama mlango kama mtoto anayengoja kengele ya shule. Nilijua amechoka. Siku chache baadaye simu yangu ikalia.

"Mama yako," akasema, bila utangulizi, "anaishi wapi siku hizi?"

"Palepale, Sheikh. Khuwair ya Kusini. Nyumba ile ile."

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Kisha akauliza kama anaweza kuja Ijumaa baada ya sala, akaaga. Ni baadaye nilipokaa ndipo nilipoufahamu ule ukimya. Nilikuwa nimemwambia mtu aliyemsikia mama yangu akipanga kuapa uongo kuwa mama yangu bado anaishi kwenye nyumba ile ile. Alichokuwa akikiogopa miaka yote, nilikuwa nimempa kwa neno moja. Nilitaka kumpigia tena. Mama akaninyang'anya simu.

"Acha aje na dhana yake hiyo," akasema. Akaenda jikoni kutazama kama iliki ipo.

Ijumaa alikuja anaendesha mwenyewe. Hana kilemba, hana joho, kanzu nyeupe tu na kofia ya mkono iliyochakaa, nyuzi zake zimepauka. Nilijua kofia ya nani. Uso wake ulikuwa mzito. Mama alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, ameketi wima kwenye kochi na magoti yake mabovu, na mezani pale mkate wa kumimina, umefunikwa kwa kitambaa kile kile. Wakaamkiana kirefu, hali za watoto, hali za wajukuu. Alikaribishwa mkate hakuugusa.

"Dada," akasema mwishowe, "mimi leo si hakimu. Leo naweza kuuliza. Lakini nakwambia kweli, naogopa. Siku ile nlikuacha peke yako na kiapo. Nimekuwa nkijiambia, pengine nngekaa, nngesema nawe kwa upole, ungeokoka. Nlijiokoa mimi. Wewe sikujua kama umeokoka."

Mama alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko alivyoingoja safari ya Makka. Nilidhani atamwaga yote, bangili, wakili, kila kitu. Wapi! Alinipa mkono nimwinue, akamfanyia ishara amfuate, akaenda polepole kwenye ukumbi akishika ukuta. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi robo. Tulisikia binti wa kaka yangu humo ndani anasoma masomo yake kwa sauti. Mama angeweza kusukuma tu. Akasimama kwenye kizingiti, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mzee kama yule, akagonga.

"Hodi."

"Karibu, bibi!" binti akajibu kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya milimani.

Mama akamgeukia hakimu. "Hapa ni pa watu," akasema. "Tangu siku nloapa, mimi hapa hupiga hodi."

Alifahamu mara moja. Nilimwona akifahamu. Aliuweka mkono wake ukutani, karibu na ule wa mama, na machozi yakamtoka waziwazi, mtu ambaye sijawahi kumwona hata akikunja uso kwa hukumu nzito namna gani. Binti alikuja mlangoni na kitabu chake, hajui anamtazama nani wala wanalilia nini, akaufungua mlango wote kwa adabu na kutukaribisha. Hakimu hakuingia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, na ingawa mlango ulikuwa wazi na ameshakaribishwa, na yeye akapiga hodi.